Asubuhi za Kirundi za Mama Haitham

Mama Haitham alikuwa mtu wa raha, na sioni sababu ya kuficha. Miaka kumi na mitano niliuza vifungo na nyuzi kwenye baraza ya duka lake la vitambaa, hapa Bujumbura mjini, na kila siku nilimkuta ameketi juu ya mto wake mwekundu, kikombe cha kahawa mkononi, miguu juu ya kigoda. Jina lake hasa ni Sheikha. Babu yake alitoka Omani, baba yake alizaliwa hapa, naye akazaliwa hapa hapa. Pamoja na hayo, Kirundi hakujua zaidi ya salamu.

Hakukihitaji. Mjini kila mtu humsemesha Mwarabu kwa Kiswahili, na mteja aliyeshuka milimani bila Kiswahili alipokelewa na Marcellin, karani aliyemtumikia miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu mpole wa mtaa wa Kinama, kalamu nyuma ya sikio. Mteja akisema, Marcellin anageuza kwa Kiswahili. Mama Haitham akijibu, Marcellin anageuza tena. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Alicheka, akaniagizia kahawa.

Mwaka 1998 Marcellin alipanda basi dogo kwenda kumzika shangazi yake, na basi likashambuliwa njiani. Ilikuwa vita, watu walikufa hivyo kila wiki, lakini mimi mpaka leo sijazoea. Siku ya mazishi Mama Haitham alifunga duka, akaenda Kinama. Mama mzazi wa Marcellin, kizee mwembamba, alimshika mikono yote miwili na kumwambia maneno mengi. Mama Haitham aligeuka kumtafuta mtu wa kumtafsiria, kama alivyozoea. Mtu huyo alikuwa ndani ya jeneza.

Alirudi macho yamevimba. Alinikuta barazani, akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza.

"Mama Divin, mi niko na miaka makumi tano na sita mu hii inchi. Mama ya mutu mwenye alinitumikia maisha yake yote, siwezi kumuambia hata pole! Ni haya gani hii?"

Warundi wana desturi ya kuganduka. Mwaka hivi ukipita, familia hukusanya watu kumaliza matanga, vinywaji huletwa, na waliomjua marehemu husimama kumzungumzia. Mwajiri hawezi kukaa kimya siku hiyo, na familia ilikwisha kumwomba. Karani mpya, Yahaya, mtu wa makamo aliyejua lugha zote mbili, alijitolea kugeuza: Mama Haitham aseme Kiswahili tu. Hata mimi nilimshauri akubali, maana ilikuwa rahisi.

"Apana," alisema. "Nitasema mi mwenyewe. Na ule mama akijibu, nitasikia mi mwenyewe."

Nilimcheka. Mzoea kunyonga kuchinja hawezi, nikampa wiki mbili. Nilikosea, na nafurahi kukiri.

Akili yake ilikuwa hapa: hakuzitupa raha zake. Nimeona wengi wanaotaka kubadilika, siku ya kwanza wanaacha kila kitu, siku ya nne wamechoka. Yeye aliweka sheria moja tu. Tangu duka linafunguliwa hadi adhana ya adhuhuri ni Kirundi peke yake, na Yahaya marufuku kufungua mdomo. Baada ya hapo sala, chakula, usingizi wa mchana, na Kiswahili mpaka jioni. Mto haukuondoka, wala kahawa.

"Asubui nateseka, muchana napumuzika," alisema. "Nikiteseka siku muzima, nitaacha."

Na aliteseka kweli. Mama mmoja alitaka mita mbili za shuka, akakatiwa mita sita za pazia. Wengine waliondoka wakiguna. Yahaya aliuma midomo mpaka nikamhurumia. Lakini mwezi wa sita, Haitham alipopiga simu kutoka Muscat kumsihi mama yake aikimbie vita, alijibiwa kwa Kirundi, maskini, asielewe hata neno.

Ndipo likaonekana kosa la mwenye duka. Kirundi chake chote alikiokota kwenye meza ya kuuzia. Asubuhi moja mteja wa Kamenge alimwambia kwamba amefiwa na mume. Mama Haitham alikodoa macho, akatafuta, akakuta hana neno la huruma ila moja.

"Nitakupunguzia bei," alisema.

Yule mjane alicheka huku anafuta machozi, kisha akamfundisha la kusema: mwihangane, yaani vumilieni. Tangu siku hiyo Mama Haitham aliwakalisha wateja kando yake na kuwauliza habari za nyumbani kwao. Aliyasikia mambo mazito, na hakukwepa.

Kuganduka kulikuwa mchana wa Jumapili moja ya mwaka 1999, Kinama. Bia zilipangwa kwa wenyeji, Fanta kwa ajili ya Mama Haitham. Alisimama, akaanza kwa Kirundi. Alisema jinsi Marcellin alivyowafichia peremende watoto wa wateja, na jinsi alivyoimba stoo akidhani hasikiki. Alikosea hapa na pale, lakini hakuna aliyecheka. Mimi nililia.

Kizee alisimama kujibu, haraka haraka, Kirundi cha milimani. Niliona usoni mwa Mama Haitham kwamba amepotea. Yahaya akainuka kumsaidia, naye akamzuia kwa mkono.

"Musubiremwo, mawe," alimwomba kizee. Rudia, mama. "Buhoro buhoro." Polepole.

Kizee akamsogelea, akarudia neno moja moja kama anayemlisha mtoto:

"Nilimwambia mwanangu aende Tanzania kwa dada yake, akapone. Alikataa. Alisema, nikiondoka, yule mama atakuwa bubu."

Yahaya ana moyo laini. Kama angetafsiri yeye, najua angelipunguza neno hilo makali. Mama Haitham alilipokea zima. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaomba msamaha kwa Kirundi, mara mbili. Kizee alimvuta akae kando yake, wakaongea mpaka watu wakaanza kuaga. Hakuna aliyewatafsiria.