Jina ya Mukuba ku Kopo ya Mafuta

Huku kwetu Kasulo, mutaa ya Kolwezi kwenye banachimba mawe ya madini, bantu banajua: ukipita pa lupango yangu, mu kiwanja ya nyumba yangu, na unasema kintu, kesho utasikia sauti yako inatoka mu kinywa yangu. Mi sikusoma, hata jina yangu sijui kuandika, lakini masikio yangu ilisoma. Nakamata sauti ya pasta, sauti ya infirmier, sauti ya bwana mwenye kukohoa mbele ya kudanganya bibi yake, na bantu banacheka mpaka banashika ukuta. Sasa, ile mwezi yenye nataka kusema, sauti ya kuchekesha ilikoma. Ilikuwa boga tu, ule woga wenye kufunga kinywa. Ilinikamata hapa, mu kifua, na ikaikala.

Mi napikaka mafuta ya kupakala ku mwili. Mafuta ya mbegu ya ngazi, ile tunda ya muchikichi, nta ya nyuki yenye inatoka Sandoa, na mafuta kidogo ya ngazi nyekundu juu ya rangi. Njo ile tu. Unapika, unachuja, unaweka mu kopo. Mutoto ukimupakala anangala, anametameta kama ile misalaba ya mukuba ya bakambo, ba babu yetu, ile shaba ya zamani, yenye banapangusa na ndimu. Njo maana mafuta nilipatia jina Mukuba. Sikufikiri mbali. Hapa kwetu kila kintu ya muzuri banalinganishaka na mukuba, hata muchumba.

Mujukulu yangu mwanamuke, ule mwenye alimaliza masomo, alienda kutosha etikete, ile karatasi ya jina ya kubandika ku kopo. Kisha akaniambia, kambo, kama jina haukuiandikisha ku serikali, muntu ataikamata, na weye utabakia kuuzisha mafuta yako na jina ya mwingine. Ku soko kulikuwa mama moya alishaanza kuandika Mukuba ku makopo yake. Njo tukaenda ku biro ya serikali kwenye banaandikisha majina.

Tata wa biro, ule bwana mwenye kazi ile, alikuwa na shati nyeupe, na alikuwa anasemea mu pua, kama vile Kifaransa yote ilikwama mule na inatafuta njia ya kutoka. Alitupokea muzuri. Akakamata kopo, akaigeuza, akaisoma, akaniuliza kama mukuba iko ndani. Nikacheka. Nikamujibu, tata, mi naweza kutia mawe mu pomade? Ni jina tu. Yeye hakucheka.

"Mama, sikia muzuri," alisema. "Kama mukuba iko ndani, ile jina haiwezi kuwa yako peke yako. Ni jina ya kintu, kila muntu mwenye kutia mukuba ana haki ya kuisema. Na kama haiko ndani, unadanganya benye kununua."

Mujukulu akamuuliza: na kama jina inafanya tu muntu afikirie kungala? Tata akakubali, ile njia iko. Ukiita mafuta Jua inaweza kupita, juu hakuna muntu atawaza jua iko mu kopo. Lakini ukiandika asali na asali hakuna, hapana. Kisha akaniangalia. "Hapa Kolwezi, mama, nani anasikia mukuba na anafikiria kungala mbele ya mawe?"

Aliomba karatasi yenye kuonyesha bintu byote byenye biko mu kopo, na chini yake kidole yangu, alama yake na wino. Aliomba tena tumuonyeshe kama bantu habadanganyike na ile jina. Na kama kidole yangu inakala juu ya bongo, juu ya maneno ya kudanganya, sheria itafuata ile kidole. Tukamuachia kopo moya ya kuweka na dosie, tukatoka. Mu njia nilimuiga, "kidoole, mama, kidoole," mujukulu akacheka mpaka akasimama. Ile njo ilikuwa kicheko yetu ya mwisho.

Nilianza kuuliza benye kununua. Wa kwanza ni mama moya kijana, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa na siku tano tangu azale. Nikamuuliza mu mafuta yangu muko nini. Akajibu bila kufikiri: mukuba. Njo maana yeye anaipakalaka mutoto ku kitovu, asubui na mangaribi, juu mukuba inakaushaka kidonda, bwana yake mwenye kuchimba mawe alimuambia vile. Na kitovu ilikuwa haiyakauka, kile kipande cha kamba ya kitovu kilikuwa kingali pale.

Nikamuambia mukuba hakuna mule. Akaniangalia vile banaangaliaka muchuuzi mwenye kuficha siri yake.

"Kambo," akasema, "mi sitaambia muntu."

Nikarudia ku nyumba. Nilitaka kintu ya kumuonyesha, yeye na tata wa biro pamoja. Labo ya kupima mafuta iko mbali, Lubumbashi. Lakini hapa kwetu banapimaka kila siku: ku depo, kwenye banauzaka mawe, kuko mashini moya ya sura ya bunduki, banaielekeza ku mufuko na inasema mukuba iko ngapi, kobalti iko ngapi. Nikawaza, mashini yenye ba creuseur, bale benye kuchimba, na ujanja yabo yote habaiwezi kuidanganya, itasema kweli juu yangu pia. Muntu wa fasi ingine angewaza munganga. Siye tunawaza mashini ya mawe.

Nilienda asubui, nikasimama mu mulolongo na kopo mbili ndani ya kitambaa. Moya wa bale ba creuseur aliniuliza, mama, shimo yako iko na metre ngapi? Nikamujibu mi nachimba tangu baba yako anakojoa ku kitanda. Bakacheka. Mwenye mashini alikuwa tata wa heshima, wa ile jamaa za Maniema zenye kusali ku muskiti na zenye kubeba mizigo na makamyo. Aliniambia hii mashini inajua mawe, haijue mafuta. Nikamusihi. Akapangusa meza, akafungua kopo, akaelekeza. Akaangalia. Akaelekeza tena. Bale ba creuseur bakasogelea meza, juu ile uso yake ya kupata mawe banaijua.

"Mama," akasema pole pole, "iko. Ni kidogo, lakini iko. Na kobalti nayo iko."

Nikamupatia kopo ya pili. Iko.

Ku nyumba nikaikala chini na nikafuata mafuta yangu kurudia nyuma, kutoka kopo mpaka moto. Ngazi, hapana. Nta, hapana. Chungu, hapana. Kisha macho ikaanguka ku kamba ya kuanika manguo, kwenye kichujio yangu ilikuwa inakauka. Ni kipande ya mufuko. Mufuko ya mawe, mukwe yangu aliiacha pa lupango. Kitambaa inaungua na mafuta ya moto, mufuko ya mawe inavumilia, njo maana niliichagua. Niliifua mara tatu na sabuni, nikaianika ku jua, nikasema iko safi. Sasa nikaiinua mbele ya macho. Mu nyuzi mulikuwa vumbi ya rangi ya majani, rangi ya mawe ya mukuba, imelala mule kama iko kwayo.

Mi mwenye kucheka kila muntu. Nilikuwa napakala batoto mawe, na ku kopo jina ya ile mawe ilikuwa imeandikwa.

Mujukulu alisikia yote, kisha akasema na sauti ya chini: choma ule mufuko, chuja na kitambaa mupya, weka kidole. Tangu leo karatasi itakuwa ya kweli. Nani atajua? Nasema bila kuficha, nilitaka. Muchana muzima nilitaka. Lakini kila saa niliona ile kitovu.

Njo nikaenda kwa mama kijana, nikamuambia yote, mufuko, mashini, vumbi. Niliwaza atalia, atanitukana. Akahamisha mutoto mwenye kunyonya ku ziwa ingine.

"Sasa unaona?" akasema. "Nilijua iko."

Na akanyoosha mukono ku kopo, juu saa ya kupakala ilifika.

Nilimuambia ile mawe inakulaka mwili. Akanijibu bwana yake anakulaka ile vumbi kila siku na iko muzima, na kama nataka kupandisha bei, niseme tu. Nilitaka kumunyanganya, akaficha kopo nyuma ya mugongo. Njo nikafanya ile kintu moya yenye najua. Nikainua kidevu, nikafunga pua.

"Madame. Hii kopo iko chini ya sheria. Weka pale."

Akaiweka. Sauti ya tata wa biro yeye hakuisikia hata siku moya, lakini sauti ya biro kila muntu anaijua. Sikucheka. Ile sauti ilikuwa inatetemeka mu pua yangu.

Ile saa ile ile tukapeleka mutoto ku dispensere. Infirmière, muuguzi wa pale, akaosha kitovu, akasema imekuwa nyekundu kidogo, usaha hakuna, mumulete kila asubui. Kila asubui mi njo nilimubeba. Kile kipande kikaanguka, pakakauka. Kama kuko kingine chenye kiliingia ndani, infirmière alisema hana macho ya kukiona. Ile mutoto sasa anatambaa. Akikohoa naacha moto yangu, naenda kumuangalia.

Ile siku ya kwanza, tulipotoka ku dispensere, tukaenda na mujukulu ku biro. Mujukulu alisema tunatosha jina mule, hatuiandikishe tena. Tata akafungua dosie, akauliza juu ya nini, wakati kazi ilishaanza. Nikamuelezea mufuko. Nilikuwa nangoja ile sauti yake ya pua. Haikukuya. Alisema na sauti ingine, yenye sikumujua nayo, na sijaiiga mpaka leo.

"Ile kopo mulinipatia," akasema, "niliibeba ku nyumba. Bibi yangu anapakala nayo mutoto."

Akatosha telefone. Ikalia, ikalia, hakuna mwenye kuikamata. Akapiga tena. Siye batatu tukaangalia ile telefone, na dosie wazi pa meza, na fasi ya kidole yangu ingali nyeupe, bila alama. Kisha bibi akajibu, na tata akasema ku Kiswahili ya ku nyumba:

"Usimupakale. Weka chini. Nakuya kule sasa ivi."

Akaenda bila koti. Mujukulu akafunga dosie. Mi nikabakia naikala, nikainua mikono kutoka magoti, nainusa, mafuta yangu ilikuwa ingali mule.