Vumbi la Shomoro

Mamangu alianguka kwa sababu ya jani. Barafu tulikuwa tumejiandaa nayo, tumemnunulia viatu vyenye meno chini na kumfundisha kutembea kama bata. Jani hatukulifikiria. Lilikuwa jani moja pana, jekundu, limelowa mvua ya usiku, nje ya mlango wa fleti yetu hapa Hopkins, ughaibuni. Alilikanyaga, akateleza, na kifundo cha mguu kikavunjika. Daktari alimfunga plasta mpaka chini ya goti, akamwonya kwamba maji yasifike pale hata tone.

Shida yetu ilianzia hapo. Kwa madhehebu yetu watu wa Mombasa, mwenye plasta hutawadha viungo vilivyo vizima, hupangusa ile plasta kwa mkono uliolowa, kisha hutayamamu: hupiga viganja juu ya vumbi safi la ardhi na kujipaka usoni na mikononi. Mawili ya kwanza tuliyaweza. La tatu lilitutoa jasho.

Usicheke. Kwetu vumbi tulilifagia asubuhi na jioni huku tukililaani. Hapa nimekaa miaka mingi na sikuwahi kugundua kwamba udongo mtupu siuoni. Kuna lami, kuna saruji, kuna nyasi, na pasipo na nyasi wametandaza vipande vya mbao. Nilikwenda dukani nikarudi na mfuko wa udongo wa maua. Mama aliufungua, akanusa, akaufunga.

"Huu una samadi, mwanangu. Samadi ni najisi."

"Mama, huu umetoka store. Umepakiwa na mashine."

"Mashine ikipakia mavi, mavi huwa halua?"

Nyuma ya fleti ndiko kusikofaa kabisa, maana kila jirani ana mbwa. Basi mama akawa anasali hivyo hivyo, amekaa kitini, na kila akitoa salamu anasema sala ile atairudia akipata vumbi. Jioni moja aliniuliza, akitazama dirishani, "Nchi hini udongo wake uko wapi? Nikatie tiketi, nirudi kwetu."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Mama akigomba, ujue hamna neno. Tangu baba afariki nilimbembeleza aje, na alipokuja nililala usingizi ambao sikuwa nimelala kwa muda mrefu. Sikutaka arudi kukaa peke yake katika nyumba ile. Nilimtaka hapa, na nilimtaka kwa choyo.

Msikitini mtu mmoja aliniambia nisijisumbue, jiwe lolote safi latosha. Kazi yangu ni kuwaendesha wagonjwa kliniki kwa van, na kati ya kumshusha mgonjwa na kumrudia napata saa za kukaa bure. Kwa kawaida nalala garini. Siku ile nilishuka nikaenda ziwani. Mama huliita pwani. Anasema penye maji, mchanga na upepo ni pwani, chumvi ni mambo ya kupikia.

Nilikuwa nimepita pale mara nyingi kwa gari, na sikujua kitu. Ukitafuta kitu safi huna budi kuinama, na ukiinama unaona. La kwanza nililoliona ni mavi ya mabata bukini, tele, ya kijani, yamemwagwa kila penye nyasi nzuri. Nikaanza kutembea kwa kuruka. Ukingoni maji yalikuwa yamesukuma majani yaliyopukutika yakajipanga mstari mrefu, vile vile mwani unavyoachwa na maji yakipwa. Ndani ya mstari ule maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa. Niliyanusa, nikakuta yananukia kidogo kama majani ya chai kweli, nikajiuliza kama samaki wa humu hupata usingizi.

Palikuwa na makombe madogo, membamba kuliko ukucha wa mtoto, yenye mistari ya kahawia. Palikuwa na mmea mkavu uliopasua maganda yake ukatoa nyuzi nyeupe laini. Nilizivuta kwa vidole na kuona ni kama sufi ya mito ya nyumbani, ila kila uzi umebeba mbegu yake. Nilipuliza moja. Haikuanguka. Ilivuka njia, ikampita mama mmoja anayekimbia, ikaenda zake juu ya maji. Nilisimama kuitazama mpaka nikakumbuka nina mgonjwa wa kumrudia, nikaokota jiwe jeusi, bapa, laini, nikakimbia.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alilisifu. Kisha akalisugua juu ya leso yake nyeupe na kunionyesha leso: safi, haina hata alama.

"Jiwe zuri, mashallah. Lakini limeoshwa na maji maisha yake yote. Vumbi liko wapi? Chuo cha Kurani ulikuwa unasoma au unasinzia?"

Nilihamaki. Nilimwambia mtu msikitini amesema latosha. Akasema kwa mtu yule latosha, yeye mwalimu wake alimfundisha vumbi lishike mkono. Akaliweka jiwe dirishani, na hakunigombeza tena. Nilitamani anigombeze.

Kesho yake nilirudi pwani yake. Safari hii nilikuwa natafuta pakavu, na mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Kila kitu kimelowa. Nilipita chini ya mialoni, ambako kindi walikuwa wakizika kokwa na kuacha vile vikofia vyake juu, nikajaribu udongo walioufukua. Tope. Nilikuwa nimekata tamaa, nageuka, nikasikia ugomvi wa shomoro.

Dhoruba ya kiangazi ilikuwa imeng'oa mti mkubwa karibu na maji, na bonge la mizizi na udongo wake limesimama wima, pana kama ukuta, likiinamia upande mmoja. Chini ya kivuli chake mvua haikufika. Shomoro kama saba walikuwa humo, kila mmoja amejichimbia kibakuli chake, anajirusharusha, anapiga mbawa, anajimwagia kitu mgongoni. Kilipanda hewani kama unga.

Kuku wa nyumbani hufanya vile vile. Niliwaona kila siku ya utoto wangu, wakijigaragaza mchana chini ya ukuta wa jikoni, na bado ilinibidi nisimame kidogo kabla sijaelewa ninachokitazama. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, mpaka ndege wakaruka.

Vibakuli vyao sikuvigusa. Nilipanda juu, kwenye udongo uliokwama katikati ya mizizi, ambako ndege hakanyagi wala mbwa hafiki. Niliukwangua kwa kadi ya benki, nikajaza mkebe wa biskuti niliokuja nao. Ulikuwa wa kijivu, mkavu, unapita vidoleni.

Mama aliumwaga kwenye sinia. Alipiga viganja, akavitazama. Vumbi lilikuwa limeshika. Alijipaka usoni, akapiga tena, akajipaka mikono hadi viwikoni, polepole. Akasali. Alipotoa salamu kulia na kushoto hakusema atairudia, nami nikangoja neno la tiketi.

Alikuwa akisugua vidoleni vumbi lililobaki.

"Siku ile nilipoanguka," akasema, "nilidhani nakufa. Nililala pale natazama kando kando, lami, saruji, nyasi za mashine. Nikawaza, mwanangu huyu atanizika wapi?"

Nilisimama mbele yake, nikamsogezea mkebe.

"Sasa udongo wa nchi hini nimeuona. Laini. Hauna mawe." Alirudisha udongo mkebeni, akafunika, akanipa. "Uweke pakavu. Na usinisimamie hapo kama mfiwa, sijafa. Nenda kateleke chai."