Waya Iliyokatika Yenyewe

Hadi leo nikisikia waya ikikatika, mwili wangu wote unashtuka. Ni mlio mkali, tang!, halafu mtetemo unapita nguzo hadi nguzo mpaka mwisho wa shamba. Nyinyi mliolelewa mjini hamuujui, lakini sisi wa Kesses, huku nje ya Eldoret, tulikulia kwenye seng'enge.

Yetu ilikata mteremko katikati. Juu palikuwa petu. Chini palikuwa pa Mzee Kiptoo, aliyetuletea maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi kila Jumapili, na aliyemwita baba yangu "Baba Wambui", kwa jina langu mimi. Waliivuta ile seng'enge wao wawili, mmoja akikaza, mwingine akipiga misumari. Nilikatazwa kuikalia. Niliikalia kila siku.

Kisha ukaja ukame uliotulisha mahindi ya njano ya msaada, jamani, sisi watu wa Uasin Gishu! Udongo mweusi ulipasuka, mguu wangu ukazama ufani hadi gotini. Mvua iliporudi ilikuja na hasira. Ilipiga siku tatu bila kupumua, maji yote yakaingia kwenye zile nyufa. Siku ya nne, mchana, nilikuwa nimekaa juu ya waya. Ikakatika, tang!, ikanichana paja. Nguzo iliyokuwa karibu nami ikainama na kusogea polepole kuelekea kwa Kiptoo, pamoja na nyasi zake. Nilikimbia kuficha damu, maana nilijua fimbo itakuwa yangu.

Asubuhi Mzee Kiptoo alipima kwa hatua kutoka zizi lake hadi seng'enge, kama alivyozoea. Hatua nne hazikuwepo.

"Njoroge!" Siku hiyo hakusema Baba Wambui. "Umekula shamba yangu!"

"Mimi? Na waya yangu umekata ya nini?" Baba alikuwa na jembe mkononi.

Panga la Kiptoo lilishuka kwanza. Vidole viwili vya Baba vilianguka kwenye matope, naye akazungusha jembe kwa mkono ule mwingine, nikasikia goti la Kiptoo likivunjika. Mama alipiga mayowe, akaviokota vile vidole akavifunga kwenye leso, kana kwamba vitarudi. Chifu alifika na askari wawili, wakawapiga mateke wote wawili wakiwa chini, ndipo wakauliza kuna nini. Mimi nilisimama kando ya nguzo iliyoinama. Jibu lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Mzee Kiptoo alichechemea hadi akazikwa. Mwaka uliofuata mazishi yake, barabara ya pale chini ilimeguka na kwenda na mtaro wake wote. Fundi wa barabara alinieleza: udongo huu ukikauka hupasuka, maji yakizama ndani hutelemka wote, na siku hizi kiangazi ni kirefu na mvua ni ya fujo, basi unahama kila mara. "Angalia nguzo za watu," alisema. "Zote zimeinama upande mmoja." Nililia mbele yake bila aibu.

Jioni nilimwambia Baba. Alishika kikombe kwa vidole vitatu hadi chai ikapoa.

"Ungesema siku ile," alisema, "ningekuchapa wewe kwanza, halafu niende kwa Kiptoo."

Nilikuwa na miaka tisa, na hilo nililijua.