Feni Aliyoniachia Shemeji

Watu huniambia nisamehe, yameshapita. Nisamehe nini? Mimi nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu jikoni, na kicheko chenyewe bado kina hasira.

Mume wangu alikuwa mhunzi hapa Nkololo. Alifua majembe, alinyoosha plau za watu zilizopinda. Alipofariki, ukoo ukakaa kumaliza matanga na kugawa vitu vyake. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ndiye aliyejitanguliza. Ng'ombe akachukua, eti ng'ombe ni wa ukoo. Baiskeli akachukua. Fuawe na nyundo akachukua, na hata koleo hajui kulishika! Ilipofika zamu ya feni ya kuvukutia moto, akaisukuma kwa mguu. "Chuma chakavu hiki. Mwachieni shemeji acheze nacho," akasema, na wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa nimeketi chini na kanga ya msiba kichwani. Nikamwambia kimoyomoyo: cheka tu, baba.

Feni hiyo marehemu aliiunda kwa mikono yake. Ni duara la bati lenye mapanga ndani, linazungushwa na gurudumu la baiskeli kwa mkanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu, na upepo unatokea kwenye bomba refu la chuma. Miaka yote ya ndoa yetu yeye aligonga, mimi nikazungusha. Najua moto unataka upepo kiasi gani, na najua wakati wa kuupunguza.

Wazee walisema shamba libaki kwangu, maadamu nalilima. Msimu mmoja ukipita halijalimwa, litarudi kwa ukoo, na kwa ukoo maana yake kwa shemeji. Mimi sikuwa na pa kwenda. Kwetu ni Bukundi, na wazazi wangu walishazikwa huko. Mama mkwe naye alikuwa akiishi kwangu, maana huyo mwanawe aliyebaki hakutaka kumlisha. Shamba likienda, tumekwisha sote wawili.

Shemeji alilijua hilo vizuri. Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya upande wa ziwani, akakodi trekta kufyeka pori lake linalopakana nami. Asubuhi nafika shambani, nini hiki? Visiki, magogo na matawi ya migunga, yote mabichi, yamerundikwa katikati ya shamba langu, marundo marefu kuliko nyumba. Majirani walishaanza kulima. Kwangu plau ingepita wapi? Nilikaa kwenye tuta nikalia kwa uchungu, halafu nikanyamaza, kwa sababu niliona kitu.

Rundo moja lilikuwa la miiba mitupu, nayo haikutupwa ovyo. Mashina yote yalielekezwa upande mmoja, kama mfugaji anavyoyapanga matawi atakayoyakokota kwenda kujengea zizi. Nikaelewa. Ng'ombe wa marehemu walikuwa bado wanalala wamefungwa kamba kwenye miti kwa shemeji, hana zizi. Miiba hiyo ilikuwa ya zizi lake. Ameniwekea mimi nimtunzie, inizibie shamba mpaka msimu unipite, halafu aje aivute kwa raha zake. Shetani mkubwa!

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaja na wazee wawili, shemeji akaitwa. Nikauliza kwa sauti ya upole kabisa, ile ya mjane mwenye adabu: "Shemeji, hivi vitu vyako ni mali au ni takataka? Kama ni mali, tafadhali vitoe." Akaona akisema ni mali atalazimishwa kuviondoa siku ileile. Akacheka. "Takataka tu hizo, shemeji. Nani ana haja nazo?"

"Basi naweza kuzichoma?"

"Choma!" Akawageukia wazee. "Miti mibichi hiyo. Akifanikiwa, mniite nije niote moto."

Mwenyekiti akasema nimeruhusiwa, ila nisafishe pembeni moto usitoke nje ya shamba. Nikashukuru, wabeja, wabeja sana, huku nimeinamisha kichwa wasiuone uso wangu.

Kesho yake mimi na mama mkwe tukaikokota feni kwa toroli. Tulianza na lipi? Miiba, bila shaka! Tulifyeka nyasi pande zote, nikachimba mfereji mwembamba mpaka chini ya tumbo la rundo, nikaingiza bomba, nikalifukia. Mdomoni mwake nikaweka vijiti vikavu vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, nikawasha. Moto wa kawaida kwenye miti mibichi unatoa moshi, unakohoza watu, unakufa. Na ule ulianza hivyohivyo, moshi mzito mweupe ukatanda. Shemeji alikuwa amesimama mpakani na mswaki mdomoni, anafurahi.

Nikaanza kuzungusha. Taratibu kwanza, mpaka makaa yashike. Kisha nikaongeza. Matawi mabichi yakaanza kulia na kutema maji kwenye ncha, moshi ukapungua, ukaisha, na ndani ya rundo ikasikika ngurumo. Moto ukageuka mweupe. Mashina yenye unene wa paja langu yakawa yanaingia ndani yanapotea. Mikono ilipochoka, mama mkwe akanisogeza kwa kiwiko. "Nipe, mayu, mama yangu." Akashika mpini wa gurudumu, akazungusha huku anatukana kwa Kisukuma, anamtukana mtoto wake aliyemzaa mwenyewe, na machozi yanamtoka. Sikumwambia anyamaze. Raha niliyoipata siku ile, haki ya Mungu, hata harusini kwangu sikuipata.

Shemeji mswaki ukamdondoka. Akaja mbio. "Miiba yangu! Zima! Zizi langu hilo!"

"Zizi gani?" nikamuuliza. "Si takataka? Karibu uote."

Jua lilipoelekea kuzama, pale palikuwa na majivu. Siku zilizofuata tukahamisha feni kwenye marundo mengine, visiki vikamalizika mpaka mizizi. Nikatawanya majivu, jirani akanilimia kwa plau yake, na mvua ya kwanza ikakuta mbegu ziko ardhini. Shamba likabaki langu. Wengine wangeishia hapo wakaridhika. Mimi sikuridhika hata kidogo.

Maana miiba mingine shemeji angeipata wapi? Pori lake alishalifyeka lote kwa uchoyo. Akajenga zizi la mabua ya mahindi. Mabua! Mimi nikaenda kwenye zizi la zamani la marehemu, nyuma ya nyumba yetu, nikaondoa miti ya mlangoni, nikaliacha wazi. Mama mkwe aliniona, akasema ng'ombe hawasahau kwao.

Ikaja mvua kubwa ya radi, mabua yakalala chini. Alfajiri nikasikia kwato. Ng'ombe walikuwa wanaingia mmoja mmoja kwenye zizi lao, wamelowa, yule jike mwenye pembe iliyovunjika akiwa mbele. Mama mkwe akatoka na kanga yake kiunoni, akairudisha miti ya mlangoni mmoja baada ya mwingine.

Shemeji alifika na fimbo, matope mpaka magotini. Nilikuwa nimeshamwita mwenyekiti. Wakasalimiana mwangaluka, mwangaluka.

"Nimefuata ng'ombe wangu," akasema.

Mwenyekiti akamuuliza atawaweka wapi. Wamekanyaga mashamba ya watu njia nzima, na mtu asiye na zizi hawezi kufuga hapa. Wakae walipo mpaka ajenge la maana. Shemeji akalitazama pori lake, jeupe, halina hata kichaka cha kufichia kuku. Akanitazama mimi. Siku hiyo nikamtazama machoni.

"Usihuzunike, shemeji," nikamwambia. "Tugawane upya. Mimi nibaki na ng'ombe, wewe chukua feni."

Mama mkwe akageuka mlangoni mwa zizi. "Feni? Thubutu!" akasema. "Feni haitoki hapa."