Mama Mdogo wa Bahati

Tangu alfajiri mbavu za Bahati zilikuwa zikibonyea kila alipovuta pumzi. Mama yake, Rabia, mshona nguo wa mtaa wa Kamalondo, alimkumbatia akahisi joto la mtoto likimpenya. Katika zahanati ya mtaani walikuwa wameambiwa dawa hakuna, wakajitafutie wenyewe. Nasoro, mumewe, fundi viatu, alizunguka mji mzima akarudi mikono mitupu. Ulikuwa mwaka ule bei ya shaba ilipoanguka, na vitu vingi vilikuwa vimeanza kuadimika Lubumbashi.

Jirani yao Mwaba alikuwa na bahati nyingine. Mumewe, Chomba, alifanya kazi kwenye tanuru ya kampuni ya shaba, kwa hiyo yeye na watoto wake walitibiwa bure katika hospitali ya kampuni. Mtoto wa fundi viatu hakuwa na nafasi huko.

"Mama Bahati, lete mutoto," Mwaba alisema alipomwona. "Banalingana na mutoto wangu Ngosa. Nitasema ni Ngosa."

"Na kama banajua? Banamufukuza baba Ngosa kazi!"

"Angalia vile anapumua. Lete."

Walienda mbio. Karibu na lango la hospitali Rabia alimfunga Bahati mgongoni kwa Mwaba, naye akabaki ng'ambo ya barabara.

"Sitwayeni, karte!" mlinzi aliita, yaani "raia" kwa Kifaransa, namna watu walivyoitana enzi zile. Mwaba akaonyesha kadi ya mumewe. Mlinzi akamtazama mtoto kwa muda, kisha akamwacha apite.

Rabia hakuweza kukaa wala kusimama. Kila mtu aliyetoka pale alimdhania amekuja kumkamata. Je, Bahati akiulizwa jina? Alikuwa ameshajua kulitaja vizuri, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Mwaba akatoka peke yake. "Bamemulaza. Bamemupiga sindano." Kabla Rabia hajashusha pumzi, muuguzi aliyeitwa Ngalula akatokea langoni, uso umekunjamana.

"Mutoto analia mama, na mama yake iko anaenda zake. Na huyu," akamwonyesha Rabia, "ni nani?"

Rabia alisogea karibu na lango. Akisema kweli, Chomba angepoteza kazi. Akinyamaza, mtoto angelia peke yake.

"Mimi niko mama yake mudogo," alisema kwa sauti ndogo.

Ngalula aliyatazama machozi yake, akamtazama na Mwaba aliyeinamisha kichwa.

"Mama mudogo, ingia," alisema. "Ukae naye mpaka apone. Na usiongee na muntu."

Bahati alipona. Siku zote za kitandani Rabia alimwita Ngosa mbele za watu, akashtuka kila daktari alipopita. Lakini majuma machache baadaye Chomba alihamishiwa Kambove, mji mwingine wa migodi, bila kuambiwa sababu. Mwaba alifungasha vyombo bila neno la lawama, na hilo lilimuumiza Rabia zaidi. Hakujua kamwe kama ni kwa ajili ya mtoto wake.

Hofu ya kuja kumponza jirani mwingine ndiyo iliyomfanya atembee nyumba kwa nyumba, kwa washona nguo, wauza makaa na wauza unga, wa msikitini na wa parokiani, akiwaomba kila juma watie kidogo katika mfuko wa ugonjwa. Masista wa zahanati moja iliyokuwa na dawa walikubali kutibu kwa fedha hizo mtoto yeyote wa wachangiaji bila kuuliza baba yake anafanya kazi wapi.

"Batoto bangu biko bazima," Kalaba, muuza makaa, alimwambia. "Nalipia nini?"

"Lipa sasa. Siku ya homa hautakuwa na nguvu ya kutafuta."

Kalaba alitoa kwa kunung'unika. Masika yakaja, mwanawe mchanga akashikwa na malaria, akatibiwa siku ileile. Wengine walijitoa hata hivyo, na kuna majuma mfuko ulibaki karibu mtupu. Rabia alilala vibaya majuma hayo, kisha Jumamosi akavaa kitenge chake akaanza tena kubisha hodi.