Nembo Thelathini na Nane na Uzi Mwekundu

Mtaa mzima walimwita Mama Nembo, na jina lilimkaa kama nguo aliyojipimia mwenyewe. Hapakuwa na shule, kwaya wala timu ya mpira pale jirani ambayo haikubeba kazi ya mkono wake kifuani. Alisoma mpaka darasa la saba, basi, lakini ole wako umwambie kwamba kompyuta ni mambo ya wasomi. Angekuangalia juu mpaka chini, kisha akuulize, "Na wewe msomi, umewahi kudarizi nini?"

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilinunuliwa nyeupe, sasa ina rangi ya jino la mvuta tumbaku. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuiongoza sindano ya mashine ya kudarizi. Programu ya michoro iliyokuwa ndani haikuelewana na kompyuta za kisasa hata kidogo, na humo ndimo zilimolala nembo zaidi ya mia mbili alizozichora Mama Nembo mwenyewe kwa mausi, mstari kwa mstari. Nyingine zilimla wiki nzima.

Adui wa kompyuta ile alikuwa vumbi la nyuzi. Lilikuwa likiingia kwenye feni mpaka feni inakoroma. Kwa hiyo kila Alhamisi jioni waya zote zilichomolewa, ubavu ukafunguliwa, ndani pakapanguswa kwa brashi laini. Ili wasikosee kuzirudisha, Mama Nembo alifunga kila waya uzi wa rangi yake, na kila tundu akalipaka rangi ya kucha iliyofanana nao. Nyekundu kwa nyekundu, bluu kwa bluu. Waya wa mashine ya kudarizi ulikuwa na uzi mwekundu, wa mausi uzi wa bluu.

Wiki hiyo kazi ilikuwa ya chuo cha wauguzi. Wahitimu thelathini na wanane, kila mmoja nembo yake ya taa na mkono, na mmoja wao alikuwa kitinda mimba wa Mama Nembo. Ni binti huyo aliyejitapa mbele ya mkuu wa chuo, "Msihangaike, mama yangu atashona." Sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mpaka Alhamisi nembo kumi na sita zilikuwa tayari. Zimebaki ishirini na mbili, na binti angezifuata Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Ijumaa saa mbili asubuhi Mama Nembo aliingia chumbani akiimba. Alimkuta wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ameshawasha kila kitu na ameshatandika kitambaa. Wawili hao walikuwa na mwaka wa tisa wakifanya kazi pamoja, na walitaniana tangu asubuhi mpaka kufunga mlango.

"Leo umeamka kabla ya jua, wifi. Umefukuzwa nyumbani?"

"Nimekuja kukuamshia bibi yako huyu," wifi akajibu, akiipigapiga kompyuta kichwani. "Leo alikuwa na maneno mengi!"

Mama Nembo akafungua mchoro wa taa na mkono, akabonyeza. Sindano haikutikisika. Akabonyeza tena. Kimya. Akasema ngoja, nizime niwashe, dawa ya kwanza ya kila fundi. Akaiamuru kompyuta izime. Kwenye kioo yakatokea maneno ya kumtaka asubiri. Akasubiri. Wifi akachemsha chai, chai ikanywewa, vikombe vikaoshwa, maneno bado yapo pale pale. Ikabidi akandamize kitufe mpaka ikafa kwa nguvu. Akawasha, mambo yakawa yale yale: sindano haisikii, kompyuta haikubali kuzima.

Ilipofika saa nne, nembo bado zilikuwa zile zile kumi na sita. Akampigia simu fundi kompyuta.

"Mama, hiyo dawa yake ni kufuta kila kitu na kuweka upya," fundi akasema bila hata kuvuta pumzi.

"Na michoro yangu?"

"Itakwenda na maji, Mama. Programu yenyewe siku hizi haipatikani."

"Fundi, mwanangu, ukija na meno yanakuuma, nikwambie tung'oe kichwa?"

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona haya, akamfundisha jambo moja. "Iwashe huku unagonga kitufe cha F8. Kuna kuwaka kwa tahadhari, inaamka na vitu vyake vya lazima tu, draiva nyingi zinaachwa. Ukiizima hapo ikakataa, ina ugonjwa mkubwa. Ikikubali, basi kuna draiva moja inaing'ang'ania."

Draiva Mama Nembo alizifahamu. Ni vile viprogramu vidogo vinavyoifundisha kompyuta kuongea na kila kifaa kilichochomekwa: mausi ina yake, mashine ya kudarizi ina yake.

Akagonga F8 kama anayetwanga. Kioo kikaja na picha kubwa kubwa, rangi zimefifia. Akaiamuru izime. Wifi akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne... Kabla hajafika kumi, tap! Giza. Feni ikanyamaza.

"Imezima!" Mama Nembo akaruka, kitambaa cha kichwa kikamtoka. "Wifi, imezima yenyewe! Bibi haumwi! Kuna mtu kamshika mguu!"

"Nani?"

"Ndiye tunayemtafuta!"

Akaiwasha tena kwa tahadhari, akafungua orodha ya vifaa. Kiingereza chake cha darasa la saba kilikuwa kidogo, lakini maneno yale aliyajua kwa sura, kama anavyowajua wateja wake. Akateremka na kidole juu ya kioo. Mausi hii hapa. Kibodi hii. Mashine ya kudarizi. Na chini yake tena, mashine ya kudarizi, ya pili, na alama ya njano ya mshangao ubavuni.

"Wifi, sisi tuna mashine ngapi?"

"Moja. Au umenunua nyingine kwa siri?"

"Kompyuta inasema mbili. Na hii ya pili imepewa draiva isiyo yake."

Hapo akatulia, akafikiri. Alikumbuka vizuri siku mashine ilipofungwa mara ya kwanza, kwamba waliulizwa maswali kwenye kioo, na yule aliyeileta alisema: usibadilishe tundu, ukibadilisha itadhani umeleta mgeni. Lakini tundu halikubadilishwa! Akainama nyuma ya kompyuta akiwa na tochi. Nyekundu kwenye nyekundu. Bluu kwenye bluu. Kila kitu sawasawa kama gwaride.

Akataka kuinuka, kisha akarudi. Akauvuta ule uzi mwekundu mpaka mwanga ukaugonga. Uling'aa. Mama Nembo alijua nyuzi kama mama anavyojua vilio vya watoto wake. Uzi alioufunga mwenyewe ulikuwa wa pamba, umepauka mpaka umekaribia rangi ya waridi. Huu ulikuwa wa hariri, tena wa boksi lililofunguliwa Jumanne.

"Wifi yangu mpenzi," akasema polepole, bado kichwa kiko chini ya meza, "jana nilipokwenda kwa mteja, nani alisafisha huku nyuma?"

"Mimi. Tena nikaona nyuzi zako zimechakaa, ni aibu, nikafunga mpya zote mbili."

"Na za zamani zilikuwa bado zimefungwa kwenye waya?"

"Zilikuwa zimekatika nilipochomoa. Lakini waya zote mbili nyeusi, zote saizi moja..."

"Na leo asubuhi bibi alikuwa na maneno gani?"

"Alikuwa anauliza uliza habari za kifaa kipya. Nikambonyezea Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Mgeni ukimkatalia si adabu!"

Mama Nembo alitoka chini ya meza akicheka mpaka machozi, na wifi, aliyekuwa tayari kulia, akacheka naye. Saa ilikuwa saa sita kasoro. Muda wa kulaumiana haukuwepo.

Akaifuta ile mashine ya pili kwenye orodha. Akasita kidogo, maana akikosea jina atafuta ya kweli. Akasoma tena: yenye alama ya njano. Akabonyeza. Ikatoweka. Akazima, akarudisha waya wa mashine na wa mausi kila mmoja kwenye tundu lake, akakata nyuzi za wifi na kufunga zake upya, akipima waya kwa mkono toka kwenye mashine hadi kwenye tundu ili asidanganywe na macho. Akawasha kawaida. Wote wawili walikuwa wamesimama.

Kioo hakikuuliza swali lolote.

Akafungua taa na mkono. Akabonyeza. Tiki, tiki, tikitikitiki! Sindano ikashuka kama mvua ya mawe, na utambi wa taa ukaanza kujichora kwa njano.

"Huyooo!" wifi akapiga kigelegele kilichomtoa fundi viatu wa jirani kibandani kwake.

"Kuna harusi?"

"Kuna mashine moja!" Mama Nembo akamjibu. "Si mbili, moja!"

Kila nembo ilichukua kama dakika kumi na moja. Hawakula. Wifi alikata nyuzi za nyuma, Mama Nembo akabadilisha kitambaa, na ya ishirini na mbili ilitoka saa kumi na dakika ishirini. Binti alipoingia aliwakuta wanapiga pasi, nywele zimejaa vumbi la nyuzi.

"Mama, mbona mmevimba macho? Kulikuwa na tatizo?"

"Muulize shangazi yako, ndiye mtu wa Ndiyo."

Binti akazihesabu: thelathini na nane. Ya kwake akaiweka kifuani, akaikandamiza kwa kiganja.

"Usiondoke," Mama Nembo akamwambia. "Bado jambo moja."

Akamkalisha wifi kwenye kiti, akamwekea mkono juu ya mausi. "Zima wewe."

Wifi akabonyeza. Maneno ya kusubiri yakaja. Wakaanza kuhesabu watatu kwa sauti, na walipofika saba kioo kikawa cheusi.