Poda Sakafuni

Tangu tumzike kaka yangu Cornell, yule mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini hushuka jikoni kwangu kila Jumamosi mchana na gramafoni na sahani zake za santuri za disko. Hufuta sahani kwa ncha ya shati, hupuliza sindano, kisha huinua kidole: "Shemeji, sikiliza hapa!" Nikisikiliza, yeye ndiye anayeongea mpaka wimbo unakwisha: klabu yao ya zamani kule Manhattan, wanaume peke yao, jasho likitiririka, na Cornell akizunguka hadi watu wanampisha.

"Mimi si shemeji yako," mimi humwambia. "Na hii ni nyumba ya maombi."

"Basi niombee, shemeji."

Kinachonichosha kuliko vyote ni poda. Hutembea na kopo la poda ya watoto, na kabla sijafungua mdomo ameshainyunyiza kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki, ili viatu viteleze kama enzi zao. Siku tatu baadaye naikuta hadi kwenye Biblia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuchukua ufagio nimtimue. Niliporudi alikuwa akicheza, mkono mmoja umeshika hewa. Kila alipozunguka aliinamisha kichwa, kama anayepita chini ya mkono wa mtu mrefu. Cornell ndiye aliyekuwa mrefu. Sahani ilipofika mwisho alibaki ameinama, mkono ungali hewani.

Niliuegemeza ufagio ukutani.

"Shemeji," nikamwambia, "huku karibu na jiko poda haijafika."